Plato na Socrates hawakukaribishwa chai

Jumapili mama mkwe amenirudishia zawadi yangu. Angeweza kunivuta pembeni, angeweza kumtuma mke wangu. Wapi! Alisubiri pilau ipakuliwe, mashemeji wote wamekaa mkekani na majirani wawili wameshanawa, ndipo akafungua mkoba na kutoa Nagona ya Kezilahabi, imefungwa kwenye karatasi ileile ya maua niliyompelekea nayo.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ile anayomwambia nayo muuza samaki kwamba samaki wake wamelala, "kitabu chako nimekisoma. Nilipofika mwisho nikadhani kurasa zimeng'oka."

Nikamwambia, mama, huyu ni Euphrase Kezilahabi.

"Namjua, jina lipo juu. Ila humo ndani kuna Plato na Socrates. Nimewangoja waseme wamefuata nini kwa watu, hawakusema. Na hakuna hata mmoja aliyewakaribisha chai."

Shemeji mdogo akapaliwa na pilau. Nami, badala ya kunyamaza na kula, nikaanza kueleza kwamba riwaya hii haina kisa cha kufuatwa moja kwa moja, kwamba msomaji anatakiwa apotee kidogo.

"Kupotea nimepotea. Nilikuwa namngoja wa kuja kunichukua." Kisha akamgeukia mke wangu: "Na huyu ndiye anayeandika magazetini?"

Tangu hapo mashemeji wananiita Socrates, na kila nikipita wananiuliza kama nimeshakunywa chai.

Hukumu za namna hii zina ukoo mkubwa. Mwaka 1662 Samuel Pepys alitazama A Midsummer Night's Dream jijini London, akaandika kwenye shajara yake kwamba hajapata kuona mchezo wa kipuuzi kama ule na hatautazama tena. Tolstoy naye alimsoma Shakespeare kwa Kirusi, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, akachukia katika lugha zote tatu, na mwaka 1906 akachapisha makala ndefu ya kueleza kwa nini.

Siku hizi kazi hiyo imeundiwa mtambo, na mtambo huo unanikosesha usingizi. Kuna Goodreads, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013. Unatoa nyota, kuanzia moja hadi tano. Sifuri hakuna, kwa hiyo hata anayekichukia kitabu kufa na kupona analazimika kukizawadia nyota moja. Nyota zote zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya waliozitoa, na hapo ndipo maajabu yanapoanza. Kitabu kilichosomwa na binamu watatu wa mwandishi kinapata tano kamili, kinamtazama Shakespeare kwa dharau. Shakespeare atapataje tano? Hadithi ya kijasusi inasomwa na aliyeitamani, akainunua kwa hela yake. Shakespeare anasomwa na watoto waliofungiwa darasani saa nane mchana, wakisubiri miaka ishirini walipize kisasi. Halafu kuna wanaohukumu usafirishaji. Mtu anatoa nyota moja kwa sababu herufi ni ndogo au kifurushi kimefika kimelowa, utadhani Melville, aliyechapisha Moby-Dick mwaka 1851, ndiye aliyekuwa akiendesha pikipiki ya mzigo. Na mwaka 2023 Elizabeth Gilbert alitangaza riwaya yenye kisa cha Urusi. Watu kwa mamia wakaipiga nyota moja moja kabla haijatoka, naye akaiahirisha. Mama mkwe angalau alifika ukurasa wa mwisho.

Mtaani kwangu hukumu hazihitaji mtambo. Jirani niliyemwazima riwaya ya Kusadikika alisema kingefaa kama kingekuwa na picha. Kinyozi wangu alisema nisimletee tena kitabu.

Lakini matusi si kitu. Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani waliishukia: huu si ushairi! Kabla yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni. Watu walikasirika, na ili ukasirike namna ile ni lazima uwe umesoma. Leo riwaya ya Kiswahili inatoka na hakuna hata wa kuitukana. Mwanafunzi anakariri kitabu cha uchambuzi, anajibu maswali ya wahusika na dhamira, anafaulu, na riwaya yenyewe hajawahi kuishika. Isiyoingia kwenye mtaala inakaa rafuni jalada likipauka, na mwandishi wake hapati hata ile nyota moja ya kifurushi kilicholowa.

Juzi niliingia duka la vitabu kuulizia Mzingile ya Kezilahabi. Kijana wa kaunta hakuinua macho kwenye simu.

"Cha kidato cha ngapi?"

Nikamwambia si cha kidato chochote, ni cha kusoma tu.

"Basi hatuna."