Mwongozo wa Haraka wa Kumbebesha Alpaka Mimba ya Mwenziwe

Umenunua alpaka jike mwenye sufu ya kifahari, na sasa unataka akuzalie watoto kumi kwa mwaka. Bahati mbaya mimba yake huchukua kama miezi 11 na nusu, na huzaa mmoja tu. Usife moyo. Huko Andes na kwingineko wapo wanaohamishia viinitete kwa mama wengine; Marekani lama, jamaa yake alpaka, alizaliwa hivyo mwaka 1985, bila kisu kugusa tumbo. Fuata hatua hizi.

1. Ngoja jike aingie joto, kama ng'ombe wako wa nyumbani. Utangoja sana. Alpaka na lama hawana tarehe. Yai hutoka baada ya kupandwa, kwenye saa ya 30 hivi. Jike hulala kifua chini, kama jamaa yake ngamia, na dume hunguruma juu yake dakika 20 au zaidi. Kinachochochea yai ni protini iliyomo kwenye shahawa, na watafiti waliitambua mwaka 2012. Kwa hiyo ukiona dume anachelewa, usimkemee.

2. Daktari mwite ukipata nafasi. Kiinitete huoshwa kwenye mfuko wa uzazi siku ya 7 au ya 8 tangu jike apandwe, kwa mpira mwembamba na maji maalumu. Ukiwahi, bado kiko mirijani. Kikishafika huwa kimevua ganda lake, na kukigandisha ni kazi ngumu. Basi usikipangie friji wakati unatafuta mama wa kukipokea.

3. Mpokeaji awe yeyote aliye karibu na lango. Kwa umbo hukukosea, maana hata lama anaweza kubeba na kuzaa alpaka halisi. Tatizo ni siku. Huyu hahitaji dume, sindano ya homoni humtoa yai, lakini lazima aende sambamba na mtoaji au amfuate kwa siku moja hivi. Pale yai lilipochomoka hubaki tezi ndogo inayotoa progesteroni, na mimba huitegemea mpaka kuzaa. Kiinitete kisipobisha hodi mapema, kufikia siku ya 10 au zaidi kidogo tezi hunyauka, na mgeni hana tena mwenyeji.

4. Upande usikuumize kichwa. Ovari zote mbili hutoa mayai, ila mimba kama 98 kati ya 100 hukaa pembe ya kushoto ya mfuko. Kiinitete cha kulia hufunga safari kikahamia kushoto. Daktari akisema atakiweka kushoto, usimbishie kwa kuwa wewe ndiye unayelipa.

5. Tangaza mara moja. Wiki mbili baadaye mlete dume: jike mwenye mimba hugoma kulala na kumtemea majimaji ya kijani ya kucheua. Akikutemea wewe, hicho si kipimo. Hata ultrasaundi ikionyesha mimba ya wiki tatu, nyingi huharibika kabla ya mwezi wa pili kuisha.

Basi hongera zako ziweke mpaka siku ya 60, na jina la mtoto mpaka asimame. Bili ya daktari tu ndiyo isiyoharibika mimba: hiyo huzaliwa siku ileile.