Sifa za Pancha

Washairi wameusifu mnazi, wamemsifu ngamia, wamewasifu hata wapenzi wasiostahili. Hapa Kisaju, Kajiado, tunasifu mvua, ng'ombe na hatimiliki. Pancha haijapata msifu hata mmoja. Mwenye gari huitukana, mwenye bodaboda huilaani, na mwenye baiskeli huipigia magoti kando ya barabara, lakini si kwa heshima. Leo naifuta aibu hiyo, na haki ya kufanya hivyo ninayo. Mume wangu aliondoka hapa kwa baiskeli, peke yake, kwenda Mbeya. Mimi nikabaki na watoto, kuku, tangi la maji na simu. Katika vyote alivyokutana navyo njiani, ni pancha peke yake iliyonikumbuka.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa asiye na ukoo hasifiwi. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hataza ya tairi la hewa, dunia ikalisahau. Mwaka 1888 akaja Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, akaipata hataza upya. Alikuwa ametengeneza tairi lake kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, iliyokuwa ikimtikisa mno mtoto kwenye mawe ya Belfast. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo. Sisi wa Kajiado, ambao daktari wa mifugo tunampokea kwa chai kabla hajafungua mkoba, hatuna sababu ya kumdharau mzaliwa wa nyumba yake. Hewa ilipotiwa ndani ya mpira ndipo starehe ilipozaliwa, na pancha ikazaliwa siku hiyohiyo.

Kabla ya hapo watu walisafiri bila pancha. Thomas Stevens aliondoka San Francisco Aprili 1884 juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, mpira wake mgumu usio na hewa, akaizunguka dunia hadi Yokohama Desemba 1886. Mwaka 1889 akatumwa Afrika Mashariki na gazeti la New York kumtafuta msafiri Stanley. Safari hii bingwa wetu alikwenda na msafara wa wapagazi. Mtu aliyeizunguka dunia bila pancha alipofika kwenye nchi ya miiba, alishika adabu.

Na miiba tunayo. Pancha ilizaliwa Belfast, lakini ililelewa Kajiado. Kando ya barabara ya Namanga hutambaa mbigili. Tunda lake likikauka huachana vipande vitano, na kila kipande kimepangiwa miiba yake hivi kwamba kikianguka vyovyote, mwiba mmoja utatazama juu. Migunga nayo hudondosha miiba myeupe mirefu ambayo mbuzi huizunguka kwa ustadi na tairi huifuata kwa ujinga. Malori ya saruji kutoka Athi River hayakubali kupitwa na miti. Tairi la lori likipasuka, nyuzi zake za chuma hubaki pembeni mwa lami, nyembamba kiasi kwamba fundi huzitafuta kwa ncha ya kidole na kuzing'oa kwa koleo. Mungu, wanadamu na kiwanda wote wamechangia. Ni mtoto gani mwingine aliyelelewa na jamii nzima namna hii?

Sasa tuje kwa mpinzani wake, yaani nukta. Kabla ya kuondoka mume wangu aliniwashia nukta ya WhatsApp inayoonyesha mahali alipo, akaniambia, "Mama watoto, utaniona moja kwa moja." Moja kwa moja yenyewe huisha baada ya saa 8, hata ukichagua muda mrefu kuliko yote. Nayo nukta haina utu. Ikitembea haisemi kama anayetembea ana kiu. Ikisimama ndiyo balaa, kwa sababu nukta ya mtu anayekula chapati Bisil na nukta ya mtu aliyelala mtaroni ni ileile. Nimeikodolea macho nukta iliyosimama mpaka ugali ukashika sufuria. Kisha ukafika mpaka. Pale Namanga, tangu mwaka 2018, kuna kituo cha pamoja ambapo Mkenya na Mtanzania hugongewa mihuri chini ya paa moja. Simu haina paa hilo. Ikabidi anunue laini ya Tanzania, na nukta ikafia Kenya.

Pancha haihitaji laini maalumu. Humlazimisha mtu kufanya mambo ambayo mke hawezi kumlazimisha hata wakiwa sebuleni: kuketi, kunywa maji na kupiga simu. Mwendesha baiskeli mwenye mwendo mzuri hasimami kwa ajili ya mtu. Upepo ukimsukuma mgongoni, hata akikumbuka kwamba ana familia atasema atapiga jioni, na jioni atalala na viatu. Lakini tairi likinywea, simu yangu inalia.

"Mama watoto, nimepata pancha."

"Pole, Baba. Uko wapi?"

"Nimepita Makuyuni kidogo. Nimeona mti."

Hapo ndipo ufundi wa pancha unapoonekana. Tyubu hutolewa, hutiwa hewa kidogo, tundu husikilizwa au kutafutwa kwa maji kwenye karai. Pale palipotoboka husuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa soluisheni. Na soluisheni, kila fundi atakwambia, haitaki haraka. Ukibandika kiraka ingali mbichi, kitabanduka kabla ya kilima cha kwanza. Ni lazima isubiriwe ikauke dakika chache, na katika dakika hizo mwanamume hana la kufanya. Mikono imejaa gundi, baiskeli imelala miguu juu, na mtu pekee wa kuzungumza naye ni mkewe. Wahenga waliposema kawia ufike, naamini walikuwa na soluisheni mkononi.

Katika dakika hizo tumemaliza suala la karo. Tumekubaliana kuhusu ule uzio ambao nyumbani ulikuwa ukituletea maneno kila Jumapili. Ameuliza habari za mama yake bila kukumbushwa. Siku moja nje ya Babati mwiba ulikuwa mkaidi, tyubu ikatobolewa mara mbili mahali tofauti, na kiraka cha pili ndicho kilichomfanya aseme kwamba ananikosa. Nyumbani tuna viti, meza na chai ya kutosha, lakini neno hilo lilisubiri mbigili wa Manyara.

Pancha pia ni mwalimu wa jiografia. Nisingejua kwamba njia ya Babati hadi Dodoma inapita Kolo, karibu na michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mume wangu angepita kasi, akihesabu kilomita. Pancha ikamkalisha mbele ya kibanda cha fundi, na fundi, huku akipuliza kiraka, akamsimulia habari za wazee waliochora wanyama kwenye mawe.

Mwenye shaka amtazame Maria Nowak wa Poznań, Poland. Mumewe Kazimierz aliondoka Tripoli mwaka 1931, akaivuka Afrika hadi ncha ya kusini, akarudi hadi Algiers mwaka 1936. Alikwenda kama kilomita 40,000 kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Maria alibaki na watoto wawili, akiishi kwa barua. Barua hizo na picha zake tunazo leo kama ushahidi wa safari ile, na hakuna hata moja iliyoandikwa baiskeli ikitembea. Kila neno alilolipata Maria alilipata kwa sababu mumewe alikuwa amesimama. Kazimierz alifariki mwaka 1937, hata mwaka haujatimia tangu arudi. Kwa hiyo mke anayehesabu zile saa za kusimama hafanyi mchezo.

Wapo watakaosema pancha ni hasara na ucheleweshaji. Wanaotafuta wa kumlaumu wasiende kwa pancha, waende kwa tairi lenyewe. Kiu ya dunia ya mpira baada ya Dunlop ndiyo iliyomnenepesha Mfalme Leopold katika Kongo yake, ambako hadi mwaka 1908 watu walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa msituni. Pancha haijawahi kumkata mtu mkono. Hukata safari tu, tena kwa muda.

Lakini sasa inawindwa. Yameingia sokoni maji mazito ambayo humiminwa ndani ya tairi. Mwiba ukiingia, maji huganda na kuziba palepale, na msafiri huendelea bila kujua kwamba ametobolewa. Ni uvumbuzi wa watu ambao, kwa maoni yangu, hawakuoa. Mume wangu alinunua chupa moja Kitengela kwa ajili ya safari ijayo, kwa maana Mbeya alifika na sasa anaitaja Moyale. Chupa hiyo iko nyuma ya gunia la chakula cha kuku, na itakaa huko.

Nawe msomaji, ukiwa na mtu wako barabarani, usimwombee safari isiyo na pancha. Mwombee ndogo moja, ya gurudumu la mbele ambako hakuna mnyororo wa kuhangaika nao, mchana, penye kivuli na mtandao. Ukimkuta mwendesha baiskeli ameinama kando ya barabara ya Namanga, punguza mwendo na umpishe. Muulize kama ana maji, lakini akiwa na simu sikioni usimharakishe. Soluisheni bado haijakauka.