Sababu Saba za Kuwanyima Ajira Wapelelezi wa Persona 4

Mtangazaji wa televisheni amekutwa amekufa, ananing'inia kichwa chini juu ya antena. Ndivyo yanavyoanza mauaji ya Inaba, mji mdogo wa kubuni huko Japani, katika gemu hii ya Atlus ya mwaka 2008. Polisi wanakuna vichwa. Wapelelezi wetu, wanafunzi wa sekondari, wamegundua kwamba usiku wa mvua, saa sita kamili, televisheni iliyozimwa huonyesha mtu, na kwamba wao wenyewe wanaweza kuzama ndani ya kioo chake. Mungu awasaidie wakazi.

7. Ofisi yao ni meza ya kulia chakula kwenye duka kubwa la Junes. Mauaji yanajadiliwa hapo kwa sauti, wateja wakipita na vikapu. Faida moja: meneja ni baba yake Yosuke, mmoja wao.

6. Huyo Yosuke aliwahi kutoa silaha hapohapo hadharani ili amwonyeshe kiongozi wao. Wote wawili wakakamatwa. Mjomba wa kiongozi ni askari mpelelezi, na ndiye anayempa nyumba ya kulala. Chakula cha jioni kilinoga kweli.

5. Tabibu wao ni mbweha. Tena anatoza, na mwanzoni bei yake inauma kuliko jeraha. Hata hivyo, heri yeye kuliko kari waliyopika wenzao Chie na Yukiko kambini.

4. Ratiba, jamani! Mtu ametekwa, yumo ndani ya televisheni, na mvua ikinyesha siku kadhaa kisha ukungu ukatanda mjini, basi amekwisha. Na wewe, unayemcheza kiongozi wao? Uko mazoezini na timu ya mpira wa kikapu. Kesho unavua samaki. Keshokutwa una mtihani, na ukifeli marafiki watajua. Kinachonikera ni kwamba gemu inakupa haki: kila urafiki unaoukuza unaongeza nguvu za Persona unazounda, yaani zile roho zinazokupigania. Kwa hiyo ule mpira wa kikapu ulikuwa kazi. Mweleze hivyo aliyetekwa.

3. Vitani wana akili, nakiri. Maadui wa ndani ya televisheni huitwa Vivuli, na Kivuli kinachoogopa moto kipige kwa moto: kinaanguka, unapata zamu nyingine, na vyote vikilala chini timu nzima inavirukia kwa pamoja. Lakini kiongozi akizimia, mchezo umekwisha, hata kama wenzake watatu wamesimama wazima. Watatu! Hakuna hata mmoja wa kummwagia maji?

2. Naoto ndiye mpelelezi wao pekee mwenye jina. Alijifanya chambo ili amnase mtekaji. Akatekwa.

1. Ushahidi. Inafika siku, ndani ya wodi ya hospitali, mshukiwa yuko mbele yao na televisheni ipo pembeni. Wenzako wamechemka kwa uchungu, wanataka kumtupia humo akafe. Hapo silaha zote hazina kazi; unapewa maneno ya kuchagua, na lazima uwatulize hatua kwa hatua hadi wakubali kwamba kuna jambo haliingii akilini. Ukikosea kujibu, wanamtupa. Hadithi inafungwa mapema, na muuaji wa kweli anaendelea kwenda kazini kama kawaida, mshahara kamili.