Jogoo Haliwi Bila Kauli Moja

Arusha ni mji wa kupitisha maamuzi. Azimio la mwaka 1967 lilipitishiwa hapa, likabadili nchi nzima. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa hapa Novemba 30, 1999, na wakuu wa nchi wanachama huamua kwa kauli moja: mmoja akigoma, jambo limelala. Ukikaa sana chini ya Mlima Meru, tabia hiyo inakufuata mpaka sebuleni.

Kwetu hata jogoo hujadiliwa. Alinunuliwa soko la Tengeru Jumamosi, akapanda kifodi miguu ikiwa imefungwa, awe supu Jumapili, mama mkwe akija kutoka Nkoaranga. Hoja ya supu ilikuwa na wingi wa kura, ila mke wangu akakumbusha kwamba nyumba hii huamua kwa kauli moja. Kitinda mimba akanyoosha mkono: jogoo ameshapewa jina, anaitwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti haliwi. Hoja ikafa hapo. Mama mkwe akala maharage kimya kimya, kimya kile ambacho mkwe huja kukilipia kwa awamu.

Mwenyekiti akaanza kazi usiku uleule. Huwika saa nane, baridi ya Julai ikiwa inang'ata masikio, halafu hurudia saa tisa kwa ambao hawakusikia vizuri.

"Jirani," akaniuliza mzee wa nyumba ya pili, "huyo jogoo wako anafuata saa ya nchi gani?"

"Shikamoo mzee. Suala lake liko kwenye kamati."

Kamati kweli iliundwa. Ikamwita mtaalamu, yaani kijana wa bodaboda pale kijiweni, ambaye ana jibu la kila kitu isipokuwa chenji. Akasema jogoo analia upweke, atafutiwe tetea. Habari ikapanda mlimani, na mama mkwe akashuka na matetea wawili wa kienyeji, akawakabidhi kwa tabasamu. Hapo nikajua awamu ya kwanza ya yale maharage imeiva.

Mwenyekiti hakunyamaza. Sasa anawika kwa furaha. Jumuiya ilianza upya na nchi tatu, na Somalia ilipojiunga mwaka 2024 zikawa nane. Banda letu lilifika huko kwa kuangua mara moja, tena kila kifaranga ana jina na cheo, kwa hiyo hakuna anayelika. Nyama tunanunua buchani.

Ukweli ni kwamba kuamua hakuna gharama. Bili huja na pumba. Kikao cha mwisho kilikuwa na ajenda moja: nani atafagia banda. Nilichelewa kidogo kwa sababu ya foleni ya Sanawari. Nilipofika, kauli moja ilikuwa imeshapatikana.