Kilemba cha Ukoka kwa Tela la Pikipiki

Vikubwa vina wasifu wao. Treni ya umeme ilipoanza kupita Kilosa kuelekea Dodoma mwaka 2024, ikizama mahandakini na kuibukia upande wa pili bila tone la jasho, ilipata ngoma na hotuba. Hifadhi ya Mikumi, tangu ilipotangazwa mwaka 1964, haijakosa mtu wa kumpigia tembo picha. Lakini tela la pikipiki, nani amewahi kulikatia utepe? Leo nalikatia mimi.

Tuanze na nasaba, maana mtukufu hasifiwi bila kutajiwa ukoo. Baba yake ni mkokoteni, mama yake kitanda cha chuma kilichovunjika chaga. Gurudumu la kulia limerithiwa kwa pikipiki marehemu. La kushoto limetoka kwenye toroli, kwa hiyo tela huzaliwa likichechemea kidogo, kama mzee mwenye heshima zake. Langu lilizaliwa Mikumi, chini ya mwembe wa fundi wa kuchomelea, kati ya geti la mtu na dirisha la mteja ambaye hakurudi na salio.

Fundi alitumia muda mwingi zaidi kwenye shingo. "Kaka, pikipiki inalala kwenye kona, tela halilali," aliniambia, akizungusha boljointi ya gari dogo kwenye kiganja cheusi kwa grisi. "Ukilifunga kavukavu, kona ya kwanza tu linakulaza chini. Shingo iache igeuke kulia, kushoto, juu, chini, na ijipindue." Nikamtazama kwa mshangao. Nimewajua watu waliodumu vyeoni miaka ishirini kwa shingo ya namna hiyo hiyo, na wala hawakubeba gunia hata moja.

Sasa sifa zake. Ya kwanza ni hima. Tela halina breki. Breki zote ziko kwa pikipiki, na tela haliingilii mambo ya watu. Mkifika kwenye mteremko, magunia mawili ya mahindi hushikwa na hamu ya kufika kabla yako. Mimi lilinipita kwenye mteremko wa korongo moja, siku nilipokamata breki ya mbele kwa pupa: nyuma kukateleza, shingo ikajikunja, nikaona kwa macho yangu mali yangu ikinitangulia. Nionyesheni chombo kingine kinachoweza kumpita dereva wake mwenyewe! Tangu hapo mteremko nauanza na gia ya kwanza na dua.

Ya pili ni kufundisha kiasi. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela hunyanyua mkia wa pikipiki na kuanza kutikisa kiuno kama lipo kwenye mdundiko. Ukirundikwa mbele mno, hulikalia gurudumu la nyuma, usukani ukawa mwepesi kama ahadi. Linataka uzito uegemee mbele kidogo tu, basi. Wahenga walisema kuzidi si kuzuri. Tela husema hayo hayo, ila lenyewe hukuandikia magotini.

Ya tatu ni bidii ya kukagua barabara. Kati ya Mikumi na Kilosa ni zaidi ya kilomita 70, na njia za vijijini zinazochepuka hapo ni nyembamba kuliko subira. Pikipiki, yenye gurudumu moja mbele na moja nyuma, hupita kwa ustadi katikati ya mashimo mawili. Tela, lenye magurudumu kushoto na kulia, hupita kwenye mashimo yote mawili kwa niaba yake. Hakuna mhandisi aliyewahi kuikagua njia ya shamba kwa uaminifu huo. Na masika, udongo mweusi wa mbuga ukishayaganda magurudumu, tela huondoka na sampuli.

Ya nne ni upole kwa wanyama. Barabara kuu hukatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na anayemgonga mnyama hutozwa kulingana na ukubwa wa aliyemgonga. Tela halina wasiwasi huo. Kwa mwendo wake, swali la haki ni hili: nyani akiligonga yeye, alipe nani?

Ya tano ni safari za ng'ambo. Tela langu hufika Ulaya bila viza. Ndiyo, Ulaya yetu, kata iliyo njiani kwenda Kilosa, yenye Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni, na mkaa wa kibali kutoka misitu ya vijiji. Wengine wamezama baharini wakiitafuta ile nyingine. Sisi hukwama matopeni tu, tukasukumwa, tukafika.

Wapo wanaolidharau. Nunua toyo ya matairi matatu, wanasema, au kirikuu. Mabwana, toyo hudai mafuta na vipuri mwaka mzima, pawe na mavuno pasiwe. Tela, mzigo ukiisha, hufunguliwa shingo likaegeshwa, na pikipiki ikarudi kubeba abiria. Likilala, watoto hulifanya pembea na kuku hutagia ndani yake. Kirikuu gani kiliwahi kuleta mayai?

Lakini kuna babu wa ukoo huu sikumtaja mwanzoni, naye si mkokoteni. Katikati ya miaka ya 1980, huko Makete, mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na ILO ulichunguza watu wanasafiri kwenda wapi. Ikaonekana safari nyingi hazifiki hata kwenye barabara ya gari: ni za maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, kwa miguu, na sehemu kubwa ya mzigo iko kichwani kwa mwanamke. Hicho kichwa ndicho babu.

Msimu uliopita nilimkuta mama mmoja njiani, debe la mahindi kichwani, ndoo ya maji mkononi.

"Shikamoo mama. Weka humu, twende."

"Marahaba mwanangu." Akalizunguka tela, akalipiga teke gurudumu la toroli. "Hili dude lako litanimwagia."

"Litakumwagia kidogo, mama."

Akacheka, akatua debe. Akavua ngata kichwani: duara la ukoka mkavu uliosokotwa, katikati pamebonyea umbo la utosi wake. Akaitandika kwenye sakafu ya tela, akaikalisha ndoo juu yake isicheze, akaanza kutembea nyuma yetu mikono mitupu, akinyoosha shingo.

Nami nilikuwa nimehangaika mwezi mzima na kilemba changu cha maneno.