Sifa za Lakabu ya Kurithi

Wengi wameilaumu lakabu ya kurithi, wakidai kwamba humvika mtoto mchanga heshima asiyoitolea jasho; nami, baada ya kuitafakari hoja hiyo, naona kwamba hiyo ndiyo fadhila yake kubwa, kwani hakuna taabu iwachoshayo wanadamu kama kupimana. Waulizeni Wameru. Kwao hapana aliyezaliwa mzee wa Njuri Ncheke, baraza lao la wazee: sharti aoe, atazamwe mwenendo wake na majirani, atoe fahali, ale kiapo, na baada ya hayo yote yamkini aambiwe angoje. Waembu nao, wasiokuwa na mfalme, walikuwa na nduiko, ambayo kwayo kizazi kizima kiliondoka madarakani na kukipisha kingine. Watu hao walijitesa bure.

Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alikuwa na busara zaidi. Mwaka 1611, alipohitaji fedha za askari wa Ulster, huko Ireland, alibuni cheo cha baroneti akakiuza: mwungwana mwenye ardhi alitoa pauni 1,095, yaani ujira wa askari 30 kwa miaka mitatu, kila mmoja peni nane kwa siku, na kwa thamani hiyo yeye na warithi wake wa kiume wakaitwa Sir kizazi baada ya kizazi. Tena bidhaa yenyewe haichakai. Sir Jock Delves Broughton, baroneti wa 11, aliposhtakiwa Nairobi mwaka 1941 kwa mauaji ya Lord Erroll, aliingia kizimbani akiwa Sir, na mahakama ilipomwachilia akatoka akiwa Sir. Na kwa kuwa marehemu naye alikuwa Earl wa 22, hata msiba wenyewe haukutoka nje ya daftari la mabwana.

Msomaji wa Imenti, huko Meru, atanikumbusha kwamba kwao pia kulikuwa na cheo cha ukoo, nacho ni cha Mugwe, ambaye mkono wake wa kushoto, uliokuwa na baraka, ulifunikwa nguo daima usionwe na mtu. Ni kweli, na la ajabu ni kwamba nishani ya mabaroneti nayo ni mkono wa kushoto, mwekundu, uliokatwa kwenye kifundo, ila wao huutundika shingoni ili kila mtu auone. Lakini Mugwe alitakiwa awe na mwili usio na dosari na tabia njema, kisha awabariki watu wake, masharti ambayo, naogopa, yangewapunguza mabaroneti kwa kiasi cha kuhuzunisha.

Ninalowalaumu Waingereza ni ubahili. Walipoiteka Embu mwaka 1906, na kufungua boma Meru miaka miwili baadaye, hawakutuletea hazina hii waliyoienzi kwao. Walituletea chifu wa mshahara, ambaye mkuu wa wilaya aliweza kumteua jioni na kumwachisha asubuhi, na mwanawe asirithi ila kofia.

Ikatubidi tujitengenezee wenyewe kwa zana duni za kura. Jeremiah Nyagah wa Embu aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, asistaafu siasa za Bunge hadi 1992, na wanawe Norman na Joseph wakawa wabunge pia. Mwanzo mwema, lakini tazameni usumbufu wake: mtoto wa mbunge, pamoja na jina lake zuri, hulazimika kusimama juani, kuchanga katika kila harambee, kuwakumbatia watu asiowajua, na kila baada ya miaka mitano kuomba upya kile ambacho baroneti hukipata kwa kuzaliwa tu. Laiti tungekuwa na James wetu, ukoo ungelipa mara moja, risiti ikatundikwa sebuleni, na karani wa uchaguzi angeshinda shambani kwake akipalilia muguka.