Bia ya Machungwa ya Shemeji

Sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inaruhusu nyumba ya Marekani yenye watu wazima wawili kutengeneza bia galoni 200 kwa mwaka, ya kunywa wenyewe. Shemeji yangu wa Minnesota ameikariri kichwani. Mtu mzima wa pili nyumbani kwake ni dada yangu, mlokole ambaye hata keki akisikia imetiwa divai haigusi. Basi galoni 100 za mke wake anazibeba yeye, kama kichwa cha familia.

Jumamosi moja akapania kupika bia nyeupe ya Kibelgiji, ile ya Hoegaarden iliyofufuliwa miaka ya 1960 na muuza maziwa aitwaye Pierre Celis. Humo huingia ngano, giligilani na ganda la chungwa. Kasheshe iko kwenye ganda. Harufu yote imo katika mafuta ya ngozi ya juu. Ule weupe wa chini ni uchungu mtupu. Unakwaruza ngozi tu, tena unaitia dakika za mwisho za kuchemsha, mafuta yasije yakaishia hewani.

Shemeji akashika kikwaruzio cha karoti. Chungwa la kwanza akakwaruza kidole. La pili akatokea kwenye nyama. Nikamkumbuka kijana wa mkokoteni pale stendi ya Muheza: kisu kimoja, chungwa linazunguka mkononi, ngozi ya kijani inashuka utepe mrefu bila kukatika, weupe wote unabaki umelivaa tunda. Fundi wa kimataifa yule, na utepe wenyewe anawatupia mbuzi!

"Shemeji, menya kama muuza machungwa."

"Shemeji, hapa machungwa tunanunua kwa dola. Hakitupwi kitu."

Akakatakata maganda, weupe na vyote, akayatumbukiza sufuriani tangu mwanzo.

Wiki zilipotimia tukafungua chupa. Povu hakuna. Uchungu, shubiri ina nafuu. Dada alicheka hadi akamtukuza Bwana.

Tukamwita jirani, Mmarekani wa ndevu ndefu. Akaonja, akafumba macho, akasema bia chungu safi namna hii hata dukani hakuna, akaomba chupa sita aende nazo.

Siku hizi shemeji anakwaruza ngozi ya juu kwa uangalifu mkubwa, anaitupa, anapika weupe.